Kimya Si Tamati

Mkariri wa utenzi akifika mwisho wa ubeti huvuta pumzi. Wasikilizaji waliozoea hutulia wakangoja, kwa kuwa wanajua kwamba kimya kile kimo ndani ya utenzi wenyewe na kwamba sauti itarudi. Mgeni wa baraza ndiye anayedhani mambo yamekwisha. Huinuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akafika kwake akisimulia nusu ya utenzi kana kwamba ndio wote. Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika Mtaa wa Narung’ombe, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mwaka 2024. Mgeni wa safari hii alikuwa programu ya kompyuta, na nusura aondoke na jina la mshairi.

Kariakoo ni mahali panapostahili kisa cha mizigo. Jina lenyewe lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi wale walikwisha, kazi yao ikabaki. Soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, na hata katika miezi ile ya majivu mikokoteni iliendelea kupita Msimbazi na Mkunguni, Sikukuu na Nyamwezi, imesheheni marobota ya nguo, ndoo za plastiki na magunia ya viungo. Kila mzigo una mpokeaji mwenye daftari, na kila mpokeaji mwenye akili ana swali moja kichwani: je, nilichopokea ndicho kilichotumwa?

Juu ya duka moja la vitenge, ghorofa ya tatu, kijana mmoja alikuwa na chumba cha kazi chenye meza mbili na feni isiyopumzika. Mchana aliwaandikia wenye maduka programu za hesabu. Jioni alikuwa na kazi nyingine isiyo na malipo, kazi ya mama mmoja wa Gerezani, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akizinusuru tungo za marehemu baba yake.

Mzee yule alikuwa mtunzi wa zama ambazo mashairi yalijibizana magazetini na barazani, na kanuni alizoziandika Sheikh Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 zilishikwa kwa mikono miwili. Neno mizani lina maana mbili Kariakoo. Ya kwanza hupima mchele, ya pili huhesabu silabi za mshororo. Na mzee, aliyewahi kuuza mchele kabla ya kuuacha kwa ajili ya umri, alikuwa mkali kwa zote mbili. Aliandika katika madaftari ya shule, vichwa vya tenzi kwa hati za Kiarabu na beti kwa hati za Kilatini. Alipofariki mwaka 2014 madaftari yalikuwa yamekwisha kuonja maji. Mvua za Desemba 2011 zilipoujaza Mto Msimbazi, nyumba yake ya Jangwani iliingiliwa na mafuriko. Bintiye aliyaanika karatasi kwa karatasi juu ya mkeka. Wino ulikuwa umetanda, na kingo za kurasa zilianza kupukutika kila zilipoguswa.

Alianza kuzipiga chapa kwenye kompyuta mwaka 2021. Kila jioni baada ya sala ya isha alichukua ukurasa mmoja au miwili, akasoma kwa kioo cha kukuzia, akaandika. Kurasa nyingine hazikuvumilia kusomwa. Zilitoa maneno yake zikageuka vumbi. Kwa hiyo zilibaki katika faili moja tu, ambalo kijana alikuwa ameliwekea utaratibu: kazi ya kila jioni ilibanwa ikawa fungu dogo, fungu likaunganishwa mkiani mwa mafungu yaliyotangulia, na faili zima likapandishwa ghalani, katika wingu.

Wingu hilo halipo juu. Ni nyumba zilizojaa mashine katika miji ya mbali, na njia ya kuzifikia hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Uzi wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na tangu hapo mambo mengi ya Kariakoo, kuanzia hesabu za maduka hadi mashairi ya marehemu, yamekuwa yakilala ng’ambo na kurudi yanapoitwa.

Ubanaji nao una asili yake. Mwaka 1977 Abraham Lempel na Jacob Ziv walieleza wazo ambalo kila mshairi wa Kiswahili angelielewa: lililokwisha kusemwa lisisemwe tena, bali msomaji arudishwe nyuma alitazame. Anayenakili shairi lenye kibwagizo hukiandika kwa ukamilifu katika ubeti wa kwanza. Katika beti zinazofuata huweka maneno mawili na nukta kadhaa, naye mkariri hurudi mwenyewe kuyatafuta yaliyobaki. Umbo linaloitwa gzip, lililoanzishwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992, huifanya kazi hiyo kwa maandishi yote, neno kwa neno na hata kipande cha neno.

Waraka wa Mei 1996 unaoeleza umbo hilo unaruhusu mafungu mengi kufuatana ndani ya faili moja. Kila fungu huanza na baiti mbili za utambulisho, 31 na 139, na huishia na baiti nane, nne za kuhakiki usahihi wa yaliyomo na nne za kutaja urefu wake. Baiti hapa ni kipimo cha kompyuta, ingawa mzee angelisikia neno hilo angedhani zinahesabiwa beti, maana washairi wa kale waliuita ubeti kwa jina hilohilo. Jambo la kushika ni hili: kila fungu lina uhakiki wake, lakini hakuna mahali panapotajwa mafungu ni mangapi.

Mei 2024 kumbukumbu ya miaka 10 ya mauti ya mzee ilikuwa inakaribia. Mama alitaka tungo zitolewe ghalani, zipelekwe kwa mpiga chapa, na vitabu vigawiwe siku ya hitima. Kijana alitumia njia aliyozoea kwa mafaili makubwa ya wenye maduka. Programu yake haikulishusha faili zima; ilifungua mkondo kutoka ghalani, ikapokea baiti kidogo kidogo katika bafa, yaani bakuli la muda ndani ya kompyuta, ikazikunjua, ikalijaza bakuli tena.

Kosa la kwanza lilikuwa na adabu, maana lilibisha hodi. Katika maandishi yaliyokunjuliwa palikuwa na alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi, mahali pawili ndani ya maneno yenye ng’, na mara kadhaa katika vichwa vya hati za Kiarabu. Sababu yake haikuchukua muda kupatikana. Herufi za kawaida za Kiswahili huhifadhiwa kila moja katika baiti moja, kwa hiyo ukikata popote, hukati herufi. Herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili. Ule mkato mdogo uliopinda katika neno ng’ombe huchukua tatu. Bakuli likijaa katikati ya mkato huo, programu husoma theluthi ya herufi na kuilalamikia, kisha hukuta theluthi mbili katika bakuli linalofuata na kuzilalamikia pia. Dawa ilikuwa ni subira: baiti zisizokamilisha herufi zisisomwe, ziwekwe kando zingoje wenzao. Almasi zote zikatoweka. Kijana akachapa karatasi za majaribio na kuzipeleka Gerezani akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti.”

Mama alivaa miwani akasoma bila haraka, kidole kikifuata mishororo. Utenzi mrefu kuliko zote, ule wa mwisho, aliurudia. Kisha akafunua upande wa nyuma wa karatasi ya mwisho, ambao ulikuwa mtupu.

“Utenzi huu haukufungwa,” alisema.

“Faili limesomwa lote, mama. Programu haikuonyesha kosa hata moja.”

“Programu yako haimjui baba yangu. Baba hakufunga utenzi bila kutaja jina lake. Yuko wapi?”

Swali hilo linahitaji kuelezwa kwa wale waliozaliwa katika zama za majalada yenye jina la mwandishi juu. Mtunzi wa utenzi hujitaja mwishoni. Baada ya kuyamaliza aliyokusudia, humshukuru Mola, huomba radhi kwa makosa yake, kisha husema yeye ni nani na alitunga lini. Wengine hutaja na idadi ya beti. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijria, mnamo 1858, aliweka mwishoni mwaka na hesabu ya beti zake, na kwa kufanya hivyo aliwaachia wanakili wote wa baadaye chombo cha kujikagulia. Utenzi uliokatwa mkia hupoteza zaidi ya beti chache. Hupoteza mwenyewe. Ndiyo maana miswada mingi ya pwani haina mtunzi ajulikanaye: kurasa za mwisho ndizo zilizokaa nje, na zilizokaa nje ndizo zilizoliwa kwanza na mchwa, unyevu na vidole.

Kijana alirudi Narung’ombe akiwa na hofu ambayo hakumweleza mama. Alikuwa amekusudia, usiku uleule, kuliweka faili jipya safi mahali pa lile la zamani. Amri ya kulifuta la zamani alikuwa amekwisha kuiandika. Ilibaki kubonyeza.

Aliiendesha programu tena bila kubadilisha herufi hata moja. Ilikuwa saa sita ya usiku na mtaa ulikuwa umelala. Maandishi yalitoka marefu zaidi kuliko yale ya mchana. Yalikuwa na beti nyingine, lakini jina la mzee bado halikuwamo. Aliiendesha mara ya tatu, ikakoma pengine kabisa. Faili lilikuwa lilelile, programu ileile, na majibu yalikuwa matatu. Kila jibu lilihakikiwa na kuonekana sahihi, kwa sababu kila fungu lililofika lilifika zima. Gunia kwa gunia, mizani haikuwa na kasoro. Hakuna aliyehesabu magunia.

Siku hizo intaneti ilikuwa inasuasua. Tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikuwa zimekatika, na Tanzania pamoja na majirani zake ikawa inapumulia njia zilizosalia. Data ilikuja kwa vishindo: baiti nyingi kwa mkupuo, kisha kimya, kisha nyingine. Kijana aliulaumu mtandao kwa siku mbili. Siku ya tatu alijiuliza swali la haki zaidi. Mtandao umechelewesha, sawa. Lakini ni nani aliyesema kwamba kazi imekwisha?

Aliyesema alikuwa yeye mwenyewe. Katika programu, kila fungu lilipofika mwisho, aliandika swali la kuuliza mkondo: una baiti ngapi zilizo tayari sasa hivi? Jibu likiwa sifuri, programu ilifunga kazi na kutoa taarifa ya mafanikio. Maelezo ya amri ile, ambayo alikuwa ameyapitia haraka miaka mingi nyuma, yanasema waziwazi kwamba sifuri maana yake ni kuwa hakuna kinachoweza kusomwa bila kungoja. Hayasemi kwamba hakuna kinachokuja. Kwa kawaida tofauti hiyo haikuonekana, maana bakuli lilikuwa na mabaki ya fungu linalofuata na kazi ikaendelea. Ilipotokea kwamba mwisho wa fungu umeangukia palepale penye mwisho wa bakuli, na mkondo nao ukawa kimya katika nukta hiyo, programu ilivaa viatu vyake ikaondoka.

Mfano wake ulikuwa chini ya dirisha lake kila siku. Tajiri wa vitenge huagiza mzigo kutoka bohari, nao huletwa kwa mikokoteni kadhaa, kwa kuwa mmoja hauutoshi. Karani anayeanza kazi hupokea mkokoteni wa nne, huchungulia mtaani, haoni wa tano, hufunga daftari. Marobota yaliyofika ni kamili, kamba hazikukatwa, na hesabu yake kwa yale aliyoyaona haina dosari. Ila mkokoteni wa tano umenaswa kwenye msongamano wa Msimbazi. Karani mzoefu hachungulii mtaa. Humngoja msukuma mkokoteni mwenye maneno ya bohari, yule atakayesema, “Huu ndio wa mwisho,” na hata hapo hulinganisha na karatasi ya mzigo.

Aibu ya kijana ilipungua alipogundua kuwa wakubwa wake walikuwa wamejikwaa katika jiwe hilohilo. Maktaba ya msingi ya Java, lugha ya programu iliyotoka mwaka 1995 na kutumiwa na mabenki na serikali, ilikuwa na kosa la ukoo huo katika chombo chake cha kukunjua gzip. Kiliuliza mkondo kama una kitu tayari, na kimya kikachukuliwa kuwa mwisho. Kosa liliripotiwa mwaka 2011 na likadumu zaidi ya miaka 10 likijulikana. Si ajabu kwamba lilidumu. Mashine iliyo karibu na ghala, yenye njia pana, haikutani na kimya mara nyingi. Kosa kama hili huwangoja watu wa mwisho wa uzi, wale ambao data huwafikia ikiwa imechoka.

Matengenezo yalikuwa mafupi kuliko maelezo yake. Swali la kuchungulia liliondolewa. Mwisho wa kila fungu programu sasa iliomba baiti inayofuata na kuketi kuingoja, na haikukubali kuondoka mpaka ghala lenyewe liseme kwamba hakuna zaidi. Hilo peke yake halikumtosha, maana uzi uliokatika katikati unaweza kufanana na mwisho. Kwa hiyo kabla ya kuanza, programu iliuliza ghala urefu kamili wa faili, ikahesabu baiti zote zilizopita mkononi mwake, na hesabu mbili zikitofautiana ilikataa kutoa chochote. Ililalamika kwa sauti, kisha ikaomba sehemu iliyopungua kuanzia pale ilipoishia.

Jambo la tatu alilipata kwa mama. Ukutani kwake Gerezani kulikuwa na kalenda za miaka mitatu, moja juu ya nyingine, na kila jioni aliyofanya kazi ilikuwa imetiwa alama ya kalamu nyekundu. Waliketi mezani wakazihesabu pamoja. Alama zilikuwa 412. Kijana aliiamuru programu ihesabu mafungu iliyoyakunjua na iandike idadi chini kabisa ya maandishi, kama mtunzi anavyoweka hesabu ya beti zake. Mchana wa siku iliyofuata, saa nane, wakati Kariakoo imejaa na intaneti imebanwa kuliko saa zote, aliiendesha. Ilisimama mara mbili, ikakaa kimya muda mrefu kiasi cha kumfanya ainuke kitini. Akaketi tena. Ilipomaliza, mstari wa mwisho ulisomeka 412.

Alimpelekea mama karatasi mpya jioni hiyo. Mama hakusoma kuanzia mwanzo. Alifunua ukurasa wa mwisho wa utenzi mrefu, akasogea karibu na taa. Beti zilizokuwa zimepotea zilikuwapo zote: shukurani, maombi ya radhi, jina la mzee na la baba yake, mtaa, mwaka. Ubeti wa mwisho kabisa ulitaja kwamba tungo ilikuwa na beti 204.

Mama alichukua penseli. Kijana alitaka kumwambia kwamba programu imekwisha kuhesabu kila kitu, lakini alinyamaza. Mama alirudi ubeti wa kwanza akaanza kutia alama ndogo pembeni, ubeti kwa ubeti, midomo ikienda bila sauti. Nje, muadhini wa msikiti wa jirani aliadhini isha. Mama alisimamisha penseli mahali alipofikia, akaenda kusali, akarudi, akaendelea palepale. Ilikuwa karibu na saa nne alipoweka alama ya mwisho.

“Mia mbili na nne,” alisema, akavua miwani. “Sasa amemaliza.”

Vitabu vilitoka kwa mpiga chapa siku tatu kabla ya hitima. Faili la zamani lingali ghalani. Kijana aliifuta amri ya kulifuta.